Siku Jogoo Alipowika kwa Duka la Tairi

Wacha niwaambie mimi mwenyewe kabla muisikie kwa mtu mwingine, maana Thika si kubwa vile watu hudhani, na najua mtacheka, hata mimi nikiwa kwa jiko nikikumbuka huwa najifunika uso na leso nasema "woi Ngai" na hakuna hata mtu wa kuniona. Ni aibu ya mtu mzima hii. Mimi mama wa mtu, naogopwa na wasichana wote wa kiwanda cha biskuti hapo Eneo la Viwanda (mimi ndiye hukagua, nikisema biskuti imeungua imeungua, hakuna rufaa), nikaumbuliwa na mkoba wangu mwenyewe mbele ya watu.

Baba Njeri alituacha mwaka juzi. Wenye hamkujua sasa mmejua, na msinipe pole, tuendelee. Aliniacha na vyumba viwili vya kupanga huko Mwihoko, Ruiru, na Njeri ambaye ameolewa Eldoret na hupiga simu Jumapili akikumbuka, na kale kagari ketu ka kijivu ambako ndiko hunipeleka kazini asubuhi na kunirudisha Ruiru jioni. Zamani mambo ya tairi yalikuwa ya Baba Njeri. Tukienda kununua mimi nilikuwa nabaki ndani ya gari nikila mahindi ya kuchoma, yeye anachuchumaa huko na mafundi wanabishana mpaka wanatoka wakicheka, na mimi nauliza "mmemaliza?" na hapo ndipo elimu yangu ya tairi iliishia.

Sasa mara ya kwanza kwenda peke yangu, nilienda kwa Kamau, ambaye ana duka la tairi kando ya barabara hapo Thika, karibu na kazi yangu. Si duka tulilokuwa tunaenda na Baba Njeri, kwa hivyo Kamau hakuwa anatujua. Akaniangalia, akaangalia gari, akaangalia kile kiti cha pili, akasema, "Mum, mzee ako wapi? Mwambie akuje tuongee naye."

Na mimi, kwa vile nilikuwa nimechoka kuelezea watu (unaelezea, wanaweka ile sura, halafu wewe ndiye unaanza kuwafariji), nikasema, "Ako kazini."

Basi. Ako kazini. Maneno mawili tu, na angalia vile yalinifanya.

Kutoka siku hiyo kila nikifika Kamau ananiuliza mzee amesema aje, na mimi natoka nje natembea kando ya mtaro na simu kwa sikio, naongea na hewa, "eeh, eeh, sawa, kwani hiyo si nzuri? Haya, nitamwambia," halafu narudi na uso wa mke mtiifu nasema mzee amekataa. Na ilikuwa inafanya kazi, hiyo ndiyo mbaya yake! Kwa sababu nikisema ni mimi nimekataa tairi, Kamau anaanza kunifundisha, pole pole, vile mtu hufundisha mtoto wa nasari kuvaa viatu. Lakini nikisema mzee amekataa, anaibeba anairudisha stoo kimya.

Kumbe mzee ni mimi na simu yangu nikiwa kitandani usiku nikitazama video za watu wakikagua tairi za bei ya chini. Nilijifunza, nyinyi. Nilijua ile nambari ya tarakimu nne kwa ubavu wa tairi, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka iliotengenezwa. Nilijua kusukuma mpira kwa kidole nione kama kuna vijiufa kule ndani ya mifereji. Nilijua kwamba kung'aa si upya. Na kunusa na kuangalia vitu ndiyo kazi yangu, tairi na biskuti hazijaachana sana, zote zikikaa sana kwa stoo zinakauka.

Lakini wacha niseme ukweli wote kwa vile nimeanza. Nilikuja kuipenda hiyo hadithi. Kazini wanajua amekufa, kanisani wanajua, ploti yote ninapopanga inajua mpaka caretaker wa nyumba. Hapo kwa Kamau ndipo mahali pekee duniani Baba Njeri alikuwa bado mzima, ako kazini, ana shughuli, na ana maoni makali juu ya tairi. Siku zingine nilikuwa napitia kuweka upepo tu, tairi hazina shida yoyote, ndiyo niulizwe, "Mzee hajambo?" na mimi nijibu, "Hajambo, amekusalimia." Naendesha mpaka Mwihoko nikiwa na joto fulani hapa kifuani. Hiyo ndiyo sikutaka kupoteza.

Sasa sikia. Mvua ilianza ile ya mwezi wa nne, na tairi zangu zilikuwa zimekuwa kipara. Jioni moja nikipita Juja gari likapanda juu ya maji, usukani ukawa mwepesi kwa mikono yangu, gari likaenda lenyewe vile linataka mpaka likashika lami tena, na nikasimama kando. Nikachukua simu nipigie mtu nimwambie nimeponea. Nikapitia majina yote kutoka juu mpaka chini, nikairudisha simu kwa kiti. Kesho yake nikaenda kwa Kamau kununua zote nne.

Nilimpata na wateja, mmoja mwanaume mnene wa kofia aliyekuwa anangoja alaimenti ya magurudumu, na wengine wawili watatu wamejikinga mvua chini ya mabati. Nje kidogo chini ya mwavuli kulikuwa na mama wa matikiti na beseni lake. Kamau akatoa tairi, nyeusi tititi, zinang'aa, jina lake hata herufi zenyewe zilikuwa zinashangaana.

"Hizi zimefika juzi, mum. Mpya kabisa. Na bei ni ya kukubembeleza."

Nikachukua tishu nikapangusa, ikatoka na mafuta. Nikainama nikatafuta zile tarakimu, nikapiga hesabu, nikaona hii tairi ilizaliwa Njeri akiwa bado sekondari. Nikakunja mpira kidogo na hapo kwa mifereji nikaona vijiufa kama vya kisigino cha mtu anayelima. Nikasema tu, "Ebu zingine."

Za pili zilikuwa changa, lakini zile nambari za uzito ziko chini ya zile za tairi za gari langu, na ubavu ukiusukuma unaingia kama mkate. Za tatu, hizo sasa! Za bei ya chini pia, jina pia sijawahi kulisikia, lakini zimetengenezwa mwaka uliopita, mifereji mipana ya kutoa maji, mpira haujakauka, na harufu ni ya mpira tu, si ile ya kukufanya utoe machozi. Nikakagua zote nne, moja moja, kwa sababu kuna mchezo wa kukuwekea tatu nzuri na moja nyanya yao.

Ningesema "nachukua hizi" hapo, sasa hivi singekuwa na stori. Lakini mdomo umezoea. Nikasema, "Ngoja niulize mzee."

"Leo nipe niongee naye mwenyewe," Kamau akasema. "Huyu mzee ananikatalia tairi zangu kila siku na sijawahi hata kusikia sauti yake. Piga hapa, weka spika."

"Hapa kuna kelele ya mvua."

"Weka spika!" yule wa kofia akasema, kama ameulizwa. "Mwanaume aongee na mwanaume mwenzake!"

Nikafikiria haraka (na mimi nikifikiria haraka mniogope). Simu ya Baba Njeri, ile kabambe yake ndogo ya vibonyezo, najua huwa iko nyumbani kwa kabati na imezimwa. Sijawahi kuitupa, na laini sijaiacha ife, kwa sababu laini isipotumika wanaipatia mtu mwingine, na siwezi kuvumilia nambari ya Baba Njeri ijibiwe na mtu sijui wa wapi. Kwa hivyo nikajiambia, nitapiga, yule dada wa kampuni aseme mteja hapatikani, wote wasikie kwa masikio yao, na mzee wangu awe mtu aliye na shughuli nyingi kuliko wote. Nikafurahia hata akili yangu. Nikabonyeza "Baba Njeri", nikaweka spika, nikailaza simu juu ya tairi mbele ya watu wote.

Ikaita. Nikashtuka, mbona inaita?

Na kwa mkoba wangu, jogoo akawika.

Kama hamkumjua Baba Njeri, huo ndio ulikuwa mlio wa simu yake, jogoo, tena wa sauti ya juu, tuligombana kanisani mara ngapi kwa sababu ya huyo jogoo. Na ndipo nikakumbuka asubuhi hiyo nilikuwa nimeiwasha nikaibeba ili niiwekee kredo ya kupigia wakati wa lanchi, laini isife, na nikasahau kuizima.

"Kai, kuna kuku hapa?" mtu akauliza, na wengine wakaanza kuangalia chini ya tairi. Mimi nikawa nimekumbatia mkoba kama unaibiwa. Jogoo akawika tena.

"Mum," yule wa kofia akasema, na kicheko tayari kilikuwa kwa shingo, "ni mkoba wako unawika."

Wakacheka! Haki wakacheka, fundi mmoja akaweka spana chini ili acheke vizuri. "Mzee ako kwa mkoba! Mum umembeba mzee!" Mimi kurudi nyuma nikitafuta njia, nikagonga tairi zilizosimamishwa kwa safu, moja ikatoka ikabingirika polepole hivi, ikashuka ngazi, ikashika mteremko, na tukaitazama wote ikienda moja kwa moja mpaka kwa beseni la matikiti. Mama wa matikiti akapiga nduru. Vipande vyekundu kwa matope kila mahali, mafundi wawili wanakimbiza tairi kwa mvua, na jogoo hajachoka, bado anawika.

Nikaipata simu hatimaye. Kwa kioo chake kidogo kulikuwa kumeandikwa BOSI, kwa sababu hivyo ndivyo alikuwa ameniandika. Nilitaka kukata. Mungu ni shahidi yangu nilitaka kukata, lakini kidole kikabonyeza kile cha kijani, nikaiweka kwa sikio kwa mazoea, nikasema, "Halo?"

"Halo," simu ile nyingine ikasema juu ya tairi.

Na mimi, sijui ni nini kiliniingia, najua kabisa, najua na akili yangu yote ni mimi nimepiga na ni mimi nimeshika, nikasema tena, "Halo? Baba Njeri?"

Na dukani kote, juu ya kelele ya mvua kwa mabati, nikajisikia nikimwita.

Hapo sasa hakuna aliyecheka. Yule wa kofia aliivua. Kamau akakuja akabonyeza simu ile ya tairi akaikata, akanivutia kiti cha plastiki, akasimama hapo akijipangusa mikono kwa ovaroli, mikono ambayo haikuwa imechafuka zaidi ya kawaida.

"Ilikuwa lini, mum?"

"Mwaka juzi."

Akahesabu kichwani, nilimwona akihesabu. "Kwa hivyo huyo mwenye alikuwa ananikatalia tairi..."

"Ni mimi."

"Zote?"

"Zote, Kamau."

Akatikisa kichwa. "Haiya. Na vile nilikuwa namwogopa huyo mzee." Nikacheka, na kucheka kukageuka kuwa ile nyingine, na nikalia kwa kiti cha plastiki mbele ya wanaume wasiojua waweke macho wapi, mmoja akaanza kusoma kalenda ya ukutani.

Kamau alinifungia zile tairi yeye mwenyewe, akafanya balansi ya magurudumu, hakutaka mtu amsaidie. Mama wa matikiti nilimlipa yote, na yale ambayo hayakuwa yamepasuka nikayabeba, nikala tikiti wiki nzima mpaka nikachukia rangi yake. Nilirudi Ruiru kwa mvua hiyo hiyo, na nikifika pale Juja kwenye maji gari likapita limenyooka, tairi zinashika, kelele hakuna. Nikasema kwa sauti, "Na hazipigi kelele hata!" kama mtu amekaa hapo. Halafu nikawasha redio.

Basi nimeapa. Sitawahi tena kusema mzee amesema, si kwa tairi, si kwa rangi ya nyumba, hata kwa mtu wa gesi. Na nyinyi mkiulizwa mzee ako wapi semeni ukweli mara moja, unaisha haraka.

Na sasa Kamau ananiheshimu, siwezi kudanganya. Nikifika anatoa tairi anaiweka kwenye mwanga, anarudi nyuma, ananiachia niinuse na niisome nambari, na mara mbili ameniita nikague mzigo mpya wakati lori liko hapo nje. Nikisema hapana, anaibeba anairudisha stoo bila neno. Ndivyo nilitaka tangu ile siku ya kwanza. Ananiuliza habari ya kazi, ananiuliza Njeri hajambo, ananiuliza barabara ya Mwihoko imetengenezwa ama bado. Habari ya mzee, haniulizi tena.