Treni Yangu ya Mwendo Kasi

Pale kanisani kwetu Rosettenville naitwa Profesa wa Picha, jina nililojipa mwenyewe. Majuzi nilikwenda kupiga picha ya treni ya mizigo ikipita kati ya miti yenye majani ya dhahabu. Eish! Nikaikuta imesimama tu, nyaya za umeme zimeibwa. Jua lilipopanda nikavua sweta yangu nyekundu, nikaitundika, nikangoja. Wapi! Mwishowe nikaitikisa kamera ili treni ionekane inakimbia.

Jumapili baada ya ibada nikaionyesha picha ukutani.

"Ilipita kama risasi," nikatamba. "Kidogo tu inigonge!"

Makofi yakalia. Mke wangu akausogelea ukuta.

"Baba Neema, hii nyekundu inayoning'inia kwenye behewa si ile sweta yako niliyoitafuta wiki nzima?"