Kivuli cha Adhuhuri

Vita vilitutoa Kudhaa, kisiwa chetu cha pwani ya Somalia, vikatutupa Ulaya, katika nyumba ya wakimbizi. Kwa kuwa niliwahi kusoma kidogo Kismayu, nikajifanya mjuzi wa mbingu.

"Mwanangu, mbona jua la huku halifiki utosini?" Bi Mwanaesha, mzee wa kisiwani kwetu tuliyekimbia naye, aliniuliza.

"Tumeiacha ikweta mbali, mama. Huku jua hupita kusini, na kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini barabara."

Alipouliza kibla, sikusita. Kisiwani kwetu tukisali huelekea kaskazini, na kaskazini nilikuwa nayo hapo sakafuni, kwenye kivuli. Nikaichorea mstari wa chaki, wakanifanya imamu.

Juzi alihamia mzee wa Kisomali. Tukiwa tumeshapanga safu, akatandika mswala mbele yangu akasimama kunielekea, tukabaki tunatazamana.

"Sheikh," akaniuliza kwa upole, "kuja huku mlipita wapi?"

"Tulipanda ndege kwenda kaskazini, tukaipita Maka, tuka..."

Watu wote wakageuka. Wanawake waliokuwa nyuma wakawa safu ya kwanza, na imamu nikawa wa mwisho kabisa.

"Karibu nyuma, mwanangu," akasema Bi Mwanaesha.