Upawa wa Nyama na Kidole Gumba

Nimegawa nyama katika boma la wakwe zangu, kijijini Kisoko, Uganda, tangu mama mkwe alipochoka kusimama. Yeye ndiye aliyenikabidhi upawa mbele ya wanawake wote, akasema mkono wangu haupendelei mtu. Ng'ombe huwa mmoja, watu huwa wengi, na kila mzee anajua kipande anachostahili. Ukikosea utasemwa mpaka wajukuu wako wasikie. Mimi sikusemwa. Hata marehemu mume wangu hakuwahi kupata kipande kizuri eti kwa sababu ni mume wangu, na alinilalamikia kwa hilo mpaka anaingia kaburini.

Kisha kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kikaanza kuvimba.

Si ugonjwa wa kumlaza mtu hospitali. Ungekuwa hivyo labda ningehurumiwa. Ni maumivu ya chini chini, yanakuja na kuondoka yanavyotaka, leo kidole, wiki ijayo kifundo. Ngozi inakuwa nyekundu na ya moto, hata shuka likiigusa natamani kulichana. Asubuhi natembea kwa kisigino. Lakini lazima niende sokoni Busia, maana meza yangu ya mukene haina mtu mwingine. Mukene ni wale samaki wadogo wa ziwani wanaoanikwa juani. Wateja wangu wanaovuka kutoka Kenya wanawaita omena. Nashinda nao kutwa nzima, mguu nimeuweka juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Daktari wa kwanza nilimfuata ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kijana mwenye haraka zake. Alitoa damu, akaipima, akarudi anatabasamu.

"Mama, hii ni gauti. Ugonjwa wa matajiri. Wacha nyama, kula mboga."

Nilitaka kumuuliza huo utajiri ameuona wapi, kwenye hizi ndala? Badala yake nikaenda kutii.

Na nilitii haswa. Nyama nilikuwa naila Krismasi na matangani tu, nikaiacha hata huko. Nikala mboga. Sasa kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Majani ya kunde ni mboga, maharagwe ni mboga, na mukene wa kuungwa kwa karanga ni mboga, tena ndiyo niliyokuwa nayo, ile inayobaki mezani jioni. Nilikula mukene mchana, nikala mukene usiku, nikajisifu kwa kushika masharti. Kidole kikazidi kuwaka.

Nyumbani nililitaja jina la ugonjwa bila kufikiri. Wifi yangu, dada ya marehemu, alikuwa ameshasikia habari za gauti redioni, kwamba ni ya walaji nyama. Hakuhitaji zaidi. Mimi ndiye ninayegawa nyama. Mimi ndiye ambaye kwenye kila sherehe anaonekana hali nyama. Basi hiyo nyama iliyonipa gauti nailia wapi? Jikoni, kabla ya wageni kunawa mikono. Hakuniambia mimi. Aliwaambia wengine, na nikaanza kuona wanawake wananyamaza nikifika kisimani.

Wiki moja kabla ya utambulisho wa binti yake wifi, siku ambayo wakwe watarajiwa wa binti wangekuja kujitambulisha nyumbani, nilikwenda kliniki nyingine, Tororo mjini. Mganga wa huko, mama wa makamo, aliniuliza kitu ambacho yule kijana hakukiuliza.

"Jana wewe nakula nini?"

"Mboga."

"Mboga gani?"

Nikamwambia. Na juzi? Nikamwambia tena mukene. Akaweka kalamu chini.

"Mama, hiyo mukene ndiyo nachoma wewe. Inaweza kushinda hata nyama ya ng'ombe."

Akanieleza pia kwamba kuna miili inayoshindwa kutoa asidi inayoleta gauti kwenye damu hata mtu akila majani matupu, na kwamba si aibu wala si uroho. Akanipa vidonge vya kumeza kila siku na kuniambia ninywe maji kwa wingi. Nilitoka pale nimekasirika. Nilimkasirikia yule kijana na mboga yake. Ningekuwa nazungumza Kiingereza na kuvaa viatu vya ngozi, angeniuliza ninakula nini. Aliona mwanamke wa soko, akaona ni mchezo.

Nilienda moja kwa moja kwa wifi kumweleza. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mukene? Mukene nakula watu maskini, wifi. Hiyo hapana ugonjwa yake."

Siku ya utambulisho nilifika alfajiri na aproni yangu. Upawa ulikuwa tayari mkononi mwa mke wa shemeji mdogo, naye hakuniangalia machoni. Nikauliza kulikoni. Wifi akaja akiwa amekunja mikono.

"Wewe kaa tu, pumzisha mguu."

"Mguu haugawi nyama. Mkono ndio unagawa."

Akakitazama kidole changu kilivyotuna ndani ya ndala. "Sisi hapana sema kitu," akasema. "Mguu ndio nasema."

Wanawake wote wakainamia masufuria. Hata wale niliowafundisha kukata mbavu waliinama.

Nilikaa kwenye kigoda kivulini. Wageni wakala. Niliona mzee mmoja amepewa shingo na kijana wa jana amepewa mbavu, na niliumia kuliko kidole kilivyoniuma. Ndipo wifi akanijia na sahani, akapiga magoti vizuri kabisa mbele ya wageni.

"Tumekupikia yako peke yako, wifi. Mboga tu, nyama hakuna."

Nikafunua. Mukene, kwa karanga.

"Rudisha," nikasema. "Niletee nyama."

Akadhani sijamsikia. Nikarudia, na sasa kwa sauti ya sokoni.

"Nyama. Kipande kikubwa. Niletee hapa hapa, watu waone."

Hata wazee wakageuza shingo. Wifi alikwenda, akarudi, macho chini. Nilikula polepole, kila mtu akiangalia. Ilikuwa ngumu na chumvi haikukolea. Nililisema hilo pia. Nikamaliza, nikalamba vidole, nikamshukuru.

Kidole kilivimba, ndiyo. Jumatatu nilikuwa sokoni nimekiweka juu ya ndoo, nawapimia watu mukene, na vidonge vyangu kwenye mfuko wa aproni. Kiliuma vile vile kinavyoumaga. Tofauti ni kwamba safari hii nyama nilikuwa nimeila kweli.