Muuza magazeti anayejua ukurasa wa kila mteja

Saa kumi na mbili asubuhi, gari la wakala linapunguza mwendo, furushi la magazeti linatupwa barazani, kisha gari linaondoka. Mama Kurasa anakata kamba kwa wembe na kuanza kukunja. Gazeti la fundi seremala analikunja michezo ikiwa juu. La mwalimu mstaafu, matangazo ya vifo. Hakosei, wala hajaandika popote.

Ana miaka kumi na tisa kwenye meza hii. Zamani alimaliza nakala mia mbili kabla ya saa nne. Mwaka jana zilishuka hadi thelathini, na wakala akamwambia waziwazi kwamba zikipungua tena, gari halitasimama kwake.

Akajiongeza, tena kwa pupa. Alipiga picha kurasa zote na kuwatumia wateja kwenye simu.

“Walinishukuru jamani. Asante mama, ubarikiwe mama. Siku hiyo niliuza matatu,” anasema huku akijicheka.

Wakala hakucheka. Alimnyima magazeti siku nne. Aliyemfungua macho ni bintiye, fundi cherehani.

“Mama, picha kila mtu anazo,” alimwambia. “Wakunjie kwenye simu kama unavyowakunjia mezani.”

Sasa kila asubuhi hutuma ujumbe wa sauti, mmoja mmoja. Seremala huambiwa kipa kaumia, habari iko ukurasa wa mwisho. Muuguzi asiye na kazi huambiwa nafasi zipo mbili, mwisho Ijumaa. Wengi huja kununua, na wengine humlipa kwa wiki ili wapate ujumbe tu. Nakala zimepanda hadi sitini.

Mwalimu mstaafu hamtumii ujumbe, yeye humpigia simu kabisa. “Mzee wa watu asome msiba wa rafiki yake katikati ya vichekesho vya simu? Hapana. Hilo aambiwe na mtu,” anasema, na sauti yake inashuka.

Furaha hiyo ina mwisho wake. Kuanzia Januari gazeti halitachapishwa tena, litasomwa mtandaoni tu. Wiki iliyopita wakala alikuja mwenyewe, mpole kuliko kawaida yake, akaomba orodha ya wateja na kurasa wanazopenda.

Mama Kurasa alimpa kigoda, akamsikiliza hadi mwisho.

“Orodha ipo, iko humu,” anasema, akigusa kilemba chake. “Akiitaka, aniajiri.”

Ndivyo alivyomwambia wakala, naye ameahidi kurudi Jumatatu na jibu. Kigoda hakijaondolewa.