Leo Nilizitukana Muvi za DJ

Leo nimejiaibisha mbele ya watu, na sina hata hamu ya kujitetea.

Nilikuwa duka la muvi hapa Tassia, nangoja flashi yangu ijazwe. Tukaanza ule ubishi wa kila Jumamosi: muvi gani kali, gani takataka.

Mzee mmoja kwenye benchi, ameelekea skrini kama sisi wote, akasema, "Mimi ni zile za DJ tu."

Si mnazijua? Jamaa anaongea Kiswahili juu ya sauti ya muvi mwanzo hadi mwisho. Hata mlango ukifunguliwa, anakwambia.

Nikacheka. "Mzee, hizo ndizo mbaya kuliko zote! Si una macho? Unaelezwa nini na unajionea?"

Hakuna aliyecheka. Nikadhani hawajasikia.

Nikarudia.

Mwenye duka akachomoa flashi ya mzee, akamshika mkono, akaiweka kiganjani na kumkunjia vidole juu yake.

Ndipo nikaelewa.

Mzee akaniambia, bila hasira, "Kijana wangu, hizo zenu wananyamaza muda mrefu sana. Sijui kama wameuana ama wanapendana."

Nilitaka kuomba msamaha, lakini alikuwa ameshashikwa mkono, anavushwa barabara.

Nimefika nyumbani, nikaweka ile muvi ninayowasumbua nayo kila siku kwamba ndiyo bora duniani. Nikafumba macho.

Viatu. Mlango. Muziki. Halafu kimya.

Nimeitazama mara saba, na bado nilipotea kabla ya dakika ya tano.

Hebu weka yako unayoipenda. Fumba macho, kisha uniambie umeona nini.