Nilisusia posa ya dada yangu kwa sababu ya msimamo wa chama

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na ningefurahi sana kama yangekuwa uongo. Mwenye kucheka acheke, nimeshazoea.

Mimi ni Mkongomani, naishi Nyakabiga, nina kibanda cha photocopy pale Rohero. Kwetu ng'ambo ya mpaka jimbo linaongozwa na wanajeshi, na chama chetu ni cha upinzani. Wanachama wa tawi la Bujumbura tunatosha meza moja ya baa, na kila mmoja ana cheo. Mimi nilikuwa katibu.

Sasa wanajeshi wakatangaza mazungumzo. Chama rafiki, kile tulichoapa kufa nacho pamoja, kikakubali kwenda.

Tukakutana Jumapili baada ya misa. Rais wa tawi, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuhubiri, akasema msimamo ni mmoja: hakuna mazungumzo na bunduki, hakuna muungano na wanaozungumza nayo, na mwanachama yeyote asikae nao meza moja.

Hilo la meza nilimwongezea mimi, wakuu. Niliona linapendeza.

Nikachapa, nikagonga muhuri, nikarusha PDF kwenye magroup yote. Sijui kama wanajeshi walipata usingizi siku ile.

Wiki mbili baadaye dada yangu Neema, anayeishi Kinama, akanijulisha kwamba wakwe watarajiwa wanaleta posa Jumamosi. Baba yetu alishafariki, kaka ni mimi peke yangu. Na kwetu msemaji wa familia ya binti ndiye anayekaribisha wageni, bila neno lake hawaketi. Kisha yeye na msemaji wa upande wa mume wanakaa uso kwa uso, wanafungua chupa ya kwanza pamoja, ndipo maneno yanaanza.

Na msemaji wao alikuwa nani? Baba mdogo wa kijana, ambaye ni mwakilishi wa kile chama rafiki hapa mjini.

Mtu mwenye akili timamu angecheka, akaenda. Mimi nikaenda kwa rais kuomba ruhusa.

"Mwanangu," akaniambia, "leo utakaa na ye ju ya posa, kesho utakaa na ye ju ya serikali."

Nikaona hiyo ni busara kubwa. Mpaka leo najiuliza siku hiyo nilikuwa nimekula nini.

Nikawaandikia upande wa mume barua ya kuwataka wabadilishe msemaji. Ndiyo, barua ya chama, na muhuri, kwenye mambo ya posa. Wakajibu kwa adabu kwamba baba mdogo habadilishwi.

Neema akaja mpaka kibandani. Hakulia, hakupiga kelele.

"Kaka, we unatetea watu wenye hawajui hata jina lako. Mi mwenye unanijua, utaniacha nisimame peke yangu?"

Nikamweleza nidhamu ya chama. Tena nilimweleza kwa pointi, wakuu.

Jumamosi nilishinda nyumbani nimevaa suti, sijui nilikuwa namngoja nani. Wageni walikaribishwa na jirani yake Neema, fundi wa kujenga anayeimba naye kwaya. Nasikia aliongea vizuri. Walipomuuliza kaka yuko wapi, alisema nina malaria. Mtu ambaye sijawahi hata kumnunulia soda alinifichia aibu.

Siku chache baadaye ikaingia picha kwenye group. Rais wetu wa tawi, kule nyumbani Kongo, amesimama kati ya kanali mmoja wa wale wanajeshi na yule baba mdogo, wote wanacheka. Nikampigia. Akasema yale si mazungumzo, ni mashauriano, na mimi nitafute namna ya kuyaandika vizuri.

Nikakataa. Tawi likanifukuza kwa kosa la kupinga mazungumzo.

Nilichojifunza ni hiki: msimamo wa chama unabadilishwa na simu moja, na hakuna anayeona haya. Posa ya dada yako hairudiwi. Nimeumia, sitaki kujifanya.

Wiki hii fundi ameniletea kadi ya harusi. Yeye ameandikwa msemaji wa familia. Mimi nimepangiwa kukaa na waalikwa wengine, mstari wa nyuma.

Wenye uzoefu naomba comment zenu, hata za kunitukana. Niende?