Usaha Niliomficha Bibi

Juzi niliona kwenye simu video ya seli nyeupe ya damu ikikimbiza kijidudu mpaka ikakimeza. Nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwa bibi, kijijini Mwamapalala, tukichambua pamba uani.

Nilikuwa nimechomwa na mwiba unyayoni, nikaficha kwa siku tatu. Niliogopa kuonekana mzembe. Hata leo naogopa. Kila nilipokuwa peke yangu niliukamua usaha na kujisugua kwa sabuni, nikiamini ni uchafu wangu unaotoka. Lakini siku hiyo harufu yake iliishinda ile ya pamba iliyoanikwa, na bibi akauvuta mguu wangu.

“Samahani, bibi,” nikasema. “Nimeoza.”

“Aliyeoza haombi samahani.” Alicheka, akainjika maji ya chumvi jikoni. “Ila ukiendelea kukamua, utatembelea fimbo kabla yangu. Kesho zahanati.”

Mguu ulipona. Siku hizi najua kwamba usaha ule, kwa sehemu kubwa, ulikuwa seli nyeupe zilizokufa zikipambana na vijidudu. Kumbe kile nilichokionea aibu kuliko vyote ndicho kilichokuwa kimekufa kwa ajili yangu.